Mtoto Anataka "Kusomea Kompyuta": Mzazi, Uliza Haya Kabla ya Kulipa Karo

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, swali hurudi: kijana amepata D na anataka kusomea kompyuta, apelekwe wapi?

Kwanza, kozi hizi si moja. Ile ya wiki chache inayofundisha kuchapa barua, kupanga jedwali na kutuma baruapepe ni ya matumizi ya kompyuta. Inafaa, lakini haimfanyi mtu kuwa mtaalamu. Mifumo ya taarifa ni somo lingine: namna taarifa zinavyoingia katika shirika, zinavyotunzwa, nani anaruhusiwa kuziona, na zinavyomsaidia anayefanya uamuzi.

Chukua mfano wa chama cha ushirika cha maziwa. Kila asubuhi karani hupima na kuandika kwenye daftari jina la mkulima na kilo alizoleta. Mwisho wa mwezi, wanachama wawili wenye jina moja wanagombana, maana malipo ya mmoja yameingia kwa mwingine. Ukinunua kompyuta na kunakili daftari lilivyo, ugomvi utabaki palepale.

Aliyesomea mifumo huanza na daftari lenyewe. Kila mwanachama hupewa nambari isiyofanana na ya mwingine. Jedwali la kwanza huwa na nambari, jina na simu. La pili huwa na nambari, tarehe na kilo. Jina huandikwa mara moja tu. Mkulima akibadilisha simu, rekebisho hufanywa mahali pamoja na hesabu za miezi iliyopita haziguswi. Karani akiandika 80 badala ya 8, programu humuuliza kama ana hakika. Stima ikipotea, kuna nakala mahali pengine. Na kwa kuwa simu za wanachama ni taarifa za kibinafsi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kuwagawia wauza mikopo ovyo ovyo.

Kuandika programu ni sehemu ya kazi hiyo, ila kumsikiliza karani ndiko kunakochukua muda, na wengi hawalitarajii hilo.

Kuhusu kujiunga: kwa kawaida diploma huhitaji gredi ya C- na cheti huhitaji D. Aliye chini ya hapo anaweza kuanzia ngazi ya ufundi stadi, na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Nafasi katika vyuo vya umma huombwa kupitia KUCCPS, na HELB hukopesha pia wanafunzi wa vyuo vya kiufundi.

Kwa chuo cha kibinafsi, usiridhike na bango la barabarani. Thibitisha kwamba kimesajiliwa na TVETA, na kwamba kozi hiyo hasa imeidhinishwa. Uliza mtihani hutungwa na nani: KNEC, TVET CDACC, au chuo chenyewe? Uliza wanafunzi hupelekwa wapi kwa atachimenti. Kisha omba kuingia maabara, uhesabu kompyuta zinazowaka. Zile zilizofunikwa vitambaa usizihesabu.

Karo ilipwe kwenye akaunti ya benki ya chuo, si kwa simu ya mtu, na risiti itunzwe.