Mume wangu anasema kasino ya meli itarudisha nauli

*Mimi ni mama wa watoto watatu, mkulima wa korosho hapa Mpapura, Mtwara. Wifi yangu aliyeolewa Muscat ametualika mimi na mume wangu tukapande naye meli ya kitalii inayoanzia Dubai, siku saba baharini. Tiketi za meli analipa yeye, nauli ya ndege tunajitegemea. Tatizo ni mume wangu. Amesikia kwamba humo melini kuna kasino, na sasa ametenga shilingi milioni 2 kutoka kwenye malipo ya korosho, anaziita mtaji. Anasema ile si mashine ya dubwi ya pale senta, ni kasino ya wenzetu, haina wizi, na mtu mwenye akili anarudisha nauli na inabaki ya juu. Mimi kamari siijui, na nikiuliza naambiwa namkatisha tamaa. Nitarajie nini huko, Shangazi, na nimwambieje bila kumvunjia heshima? Mama wa Mpapura.*

Nianze kwa kumpa mumeo haki yake, maana katika aliyoyasema kuna la kweli. Kasino ya meli kubwa kwa kawaida haiibi. Kampuni kama MSC na Costa, ambazo kwa misimu mingi zimekuwa zikiweka meli Dubai wakati Ulaya iko kwenye baridi, hazina sababu ya kuchafua jina lao kwa kuchezea gurudumu au mashine. Mumeo anakosea hatua inayofuata. Anaona kwamba kwa kuwa hakuna wizi, basi faida ipo ya kwake. Kasino haina haja ya kumwibia mtu, kwa sababu faida yake imo ndani ya kanuni za mchezo wenyewe, hadharani, na kila mchezaji anaweza kuisoma. Mchezo ukichezwa kwa haki tupu ndipo hesabu hiyo inapotimia sawasawa. Kwa hiyo msibishane kama kasino ni ya kweli au ya uongo. Zungumzeni bei yake.

Tuchukue ruleti, lile gurudumu lenye namba na kijipira. Gurudumu la Ulaya lina namba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Ukiweka dola 1 kwenye namba moja na namba hiyo ikatoka, unalipwa dola 35 na dola yako unarudishiwa. Mchezo ungekuwa sawa kwa sawa kama ungelipwa 36. Ile moja iliyopungua ndiyo inayolipa mshahara wa mchezeshaji, taa, zulia na faida ya kampuni, nayo ni asilimia 2.7 ya kila kinachowekwa mezani. Gurudumu la Kimarekani, ambalo limeenea sana melini, limeongezwa sifuri ya pili. Namba zinakuwa 38 na malipo yanabaki yaleyale 35, hivyo kasino inabaki na asilimia 5.26. Kwenye karata hali ni hiyohiyo. Katika blackjack, mtu akipata 21 kwa karata zake mbili za kwanza, meza ya zamani ilimlipa dola 15 kwa dau la dola 10. Meza nyingi za melini siku hizi humlipa dola 12. Hakuna aliyedanganywa, kwani kiwango kimechapwa kwenye kitambaa cha meza. Ni macho machache tu yanayokisoma.

Mumeo anayajua makato kuliko watu wengi wa mjini. Korosho zikipita chama cha ushirika (AMCOS), zikaingia ghala kuu na kunadiwa, fedha haifiki benki kabla ya kukatwa hiki na kile. Lakini kilo moja ya korosho hukatwa mara moja, na yakiisha yameisha. Kwenye meza ya ruleti ni kama gunia lilelile linarudishwa ghalani mara 40 kwa saa, na kila likirudi linakatwa upya. Dau la chini melini mara nyingi ni dola 5 au 10. Tuseme 10, na gurudumu lizungushwe mara 40 kwa saa, ambayo ni kasi ya kawaida. Saa moja ikiisha mumeo atakuwa ameweka mezani jumla ya dola 400, na kwa gurudumu la sifuri mbili, wastani wa kinachobaki kwa kasino ni dola 21. Akikaa saa tatu kila usiku kwa siku tano, hizo ni dola 315. Milioni 2 zake zikibadilishwa ni dola 800 hivi. Karibu asilimia 40 ya anachokiita mtaji imekwenda, na hapo hajaibiwa, hajakosea karata, wala hajapatwa na mkosi wowote. Hayo ni matokeo ya wastani. Wengine watatoka juu ya hapo, wengine watamaliza zote siku ya pili.

Akikimbilia mashine, asidhani kazihama za pale senta. Sloti za melini ni ndugu wa dubwi, zimependezeshwa kwa taa na muziki, na ndizo zinazojaza sehemu kubwa ya ukumbi. Mtu hubonyeza kama mara kumi kwa dakika bila kuhisi haraka. Kwa nusu dola kila kibonyezo, saa moja imepitisha dola 300. Ikiwa mashine inabaki na senti 10 katika kila dola, saa hiyo imemgharimu dola 30, zaidi ya ile meza ya ruleti iliyoonekana ya wakubwa. Katika jimbo la Nevada kule Marekani, sheria inaitaka mashine irudishe angalau asilimia 75 ya kilichochezwa, na serikali ya jimbo huchapisha mapato ya kasino ili watu wayaone. Bahari kuu haina sheria ya namna hiyo inayozibana meli zote.

Hapo ndipo meli inapotofautiana na nchi kavu. Kamari imekatazwa kisheria Oman, na katika Umoja wa Falme za Kiarabu ilikatazwa kwa miaka mingi hadi mamlaka ya kutoa leseni ilipoundwa mwaka 2023. Hivyo meli ikiwa bandarini Muscat, mlango wa kasino utakuwa umefungwa. Utafunguliwa ikishatoka nje ya maji ya nchi, ambayo kwa sheria ya bahari ni maili 12 za baharini, kama kilomita 22 kutoka pwani. Kuanzia hapo meli inafuata sheria za nchi ambayo bendera yake inapepea, nayo huenda ikawa Malta, Panama au Bahamas. Mtu wa Mpapura akidhulumiwa na mashine isiyo na kibali, anaweza kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Akigombana na mchezeshaji katikati ya Ghuba, mwamuzi wa kwanza ni meneja wa kasino hiyohiyo, na hatua ya pili ni mahakama ya nchi iliyotajwa kwenye masharti ya tiketi, mbali na kwenu na kwa wifi yako pia. Meneja anaweza kuwa mtu mwadilifu kabisa. Bado ni mtumishi wa upande wa pili wa meza.

Tena ukumbi wenyewe umewekwa kwa akili. Mara nyingi unaukuta njiani, kati ya ukumbi wa maonyesho na migahawa, ili mtu apite hapo akitoka kula na apite tena akienda kulala. Madirisha na saa ya ukutani hamtaviona, na katika meli kadhaa moshi wa sigara unaruhusiwa humo ndani. Vinywaji vya bure ambavyo watu husimuliana ni vya wachezaji wakubwa. Mgeni wa kawaida hulipa soda yake kama kwingine. Lakini kitu cha kukitazama kwa karibu zaidi ni kadi. Siku ya kwanza kila abiria hupewa kadi ya plastiki inayofungua chumba, na kadi hiyohiyo ndiyo pochi yake: kahawa, picha, sloti, vyote vinaandikwa kwenye akaunti ya chumba na kulipwa mwisho wa safari. Noti haitoki mfukoni. Mtu anayesita kutoa elfu kumi dukani hasiti kuchomeka kadi. Juu ya hilo, kampuni kadhaa hutoza asilimia 3 hadi 5 ya kila fedha ya kuchezea inayochotwa kwenye akaunti ya chumba, kabla mtu hajaweka hata dau la kwanza. Na akaunti ya chumba chenu, kumbuka, huenda imefungwa kwenye kadi ya benki ya wifi yako. Fedha zikipotea hapo, mtakuwa mmepoteza za mtu aliyewakirimu.

Mumeo atajibu kwamba wapo wanaoshinda. Ni kweli kabisa, tena atawaona kwa macho yake, maana mtu akipata mashine hupiga kelele na ukumbi mzima hugeuka. Wanaopoteza hawapigiwi king'ora. Fedha ya huyo mshindi imetoka kwao, na kasino imeshachukua fungu lake katikati. Halafu liangalie jambo moja ambalo nchi kavu halipo kwa ukali huo. Mtu aliyeshinda Dar es Salaam anaweza kupanda daladala akaenda zake. Aliyeshinda melini usiku wa pili amebakiwa na siku nyingine tano, na mashine iko ngazi mbili chini ya kitanda chake. Ushindi unakuwa wake siku anaposhuka nao. Kabla ya hapo bado una nafasi nyingi za kurudi ulikotoka.

Atajibu pia kwamba anao mpango. Nimesoma barua yako nikahisi umo mpango wa kuzidisha mara mbili, kwa kuwa ndio unaosimuliwa na kila anayejiita mwenye akili ya kamari. Unaweka dola 10 kwenye nyekundu. Ukikosa unaweka 20, ukikosa 40, na siku nyekundu itakapotoka umerudisha zote na faida ya dola 10. Unasikika kama hauna kasoro. Sasa mhesabie: 10, 20, 40, 80, 160, 320. Hayo ni madau sita, jumla dola 630. La saba linataka dola 640, naye amebakiwa na 170. Kukosa mara sita mfululizo kwenye gurudumu la sifuri mbili hutokea kama mara moja katika kila majaribio 47, na mtu wa kukaa mezani siku tano atakuwa amejaribu mara nyingi kuliko hizo. Hata kwa mwenye mfuko mnene, meza ina kikomo cha dau la juu, na kikomo hicho humfikia. Anahatarisha dola 630 ili apate 10. Mkulima hawezi kukubali biashara ya namna hiyo shambani kwake, na naamini mumeo akiandika namba hizi kwa mkono wake mwenyewe ataliona.

Lipo jibu la tatu, nalo ndilo lenye uzito: kwamba ni mtu mzima, amefanya kazi mwaka mzima, na ana haki ya kustarehe. Nalikubali, kwa sharti. Starehe ina bei inayojulikana, na huitegemei ikulipe. Na fedha hizi si zake peke yake. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo ambayo Serikali ilinunulia korosho msimu wa 2018, milioni 2 ni zaidi ya kilo 600, na kuokota umeokota wewe, umeinama chini ya mikorosho pamoja na watoto. Malipo ya minada huingia miezi ileile ambayo meli za Ghuba ziko kwenye msimu wake, kwa hiyo kwa sasa mfuko unaonekana umejaa. Ufikirie mwezi Juni, vibarua wa palizi wanadai na mashine ya kupulizia inataka mafuta. Nyumba iliyokaukiwa wakati huo ndiyo inayogongewa hodi na mnunuzi wa kangomba, na wewe wajua bei anayotoa kwa korosho ambazo bado ziko kwenye maua. Kuhusu dini sina la kuongeza ambalo nyinyi hamlijui. Kama ni nyumba ya Kiislamu, hukumu ya kamari haibadiliki meli ikivuka maili ya 12.

Kumwambia, usianze na neno kamari wala na hofu yako. Mtafutie wakati ametulia, mwambie, "Baba watoto, nisaidie hesabu hii," umpe kalamu. Mwache azidishe yale madau sita mwenyewe. Mtu akishindwa na hesabu aliyoiandika hajashindwa na mkewe, na heshima yake inabaki palepale. Kisha mkubaliane kiasi ambacho kikipotea chote hakuna mtoto wala mkorosho utakaoathirika. Kama mtasema hakuna kiasi hicho, ni jibu halali. Kama mtasema dola 40, zibebwe taslimu kwenye bahasha yake, na milioni 2 zibaki benki Mtwara. Safari nendeni. Wifi yako amewafungulia mlango mzuri, na melini kuna mengi ya kufanya mbali na ukumbi ule.

Siku mnapopanda, kabla ya kufika chumbani, pitieni dawati la huduma kwa abiria mkiwa na wifi yako. Ombeni kadi zenu mbili ziwekewe kikomo cha matumizi na kasino izuiwe kuchota kwenye akaunti. Ulizeni kabla ya kucheza kama gurudumu ni la sifuri moja au mbili. Na chipu zozote atakazobaki nazo, zile sarafu za plastiki, abadilishe usiku wa mwisho kabla kasino haijafungwa, kwa sababu mkishuka nazo Dubai hakuna benki itakayozipokea.