Birika la Maji Moto na Mbao Zinazooza

SWALI: Birika langu la kuogea maji moto, uani hapa London, limekalia fremu ya mbao iliyoanza kuoza. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza choma ubao kwa bisibisi, ikizama kama katika muhogo uliochemshwa, ubao huo umekwisha, ubadilishe. Maadamu udongo wa London aghalabu ni mfinyanzi, wenye tabia ya kushika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa ukavu, haifai asilani mbao kugusa ardhi, kwani unyevu wa mbao ukizidi asilimia 20 hivi kuvu hujipatia riziki. Mwaga sakafu ya zege juu ya kifusi kilichoshindiliwa na kufunikwa kwa plastiki nzito, uisawazishe kwa pimamaji (lita 1,000 za maji ni tani nzima), kisha uinue fremu juu ya vipande vya plastiki, hewa ipite. Dawa ya mbao ipake hasa kwenye ncha zilizokatwa. Tena kagua mabomba: mara nyingi mhalifu si mvua, bali kiungo kinachovuja.