Nishike lugha gani ya programu?

Swali: Nasoma mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma. Python, Java au PHP: ipi ina ajira?

Jibu: Achana na orodha za Marekani za lugha zinazotafutwa, mdogo wangu, tazama waajiri waliokuzunguka. Hapa Dodoma wengi wao ni wizara na taasisi za umma. Fungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, soma matangazo ya Afisa TEHAMA upande wa programu, andika kila lugha inayotajwa, kisha hesabu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika nchini, umejengwa kwa Java na JavaScript. Mimi ningeanza na Java, pamoja na SQL, maana hifadhidata haikwepeki. Kisha tengeneza mfumo mmoja unaofanya kazi kweli, hata wa kurekodi mauzo ya zabibu, uende nao kwenye usaili.