Somo la Leo: Safari ya Kwenda Kuanza Kazi ya Lori



Malori hupita Nyakanazi mchana na usiku. Yanatoka Dar es Salaam na mizigo, yanakwenda Rusumo, halafu yanaingia Rwanda. Mengine hushika njia ya Kabanga kwenda Burundi. Basi si ajabu vijana wa kwetu Nyamigogo kutamani kazi ya lori. Wengi huanza kama utingo, yaani msaidizi wa dereva. Utingo hufunga turubai, huangalia matairi, huweka jiwe nyuma ya gurudumu lori likisimama mlimani, na usiku hulinda mzigo. Akijifunza vizuri na kupata leseni, anaweza kuwa dereva.

Malori yanapita kwetu, lakini ofisi nyingi za malori ziko Dar es Salaam, kwa sababu bandari iko huko. Kwa hiyo mtu hufunga safari ndefu ili akaanze kazi ambayo nayo ni ya kusafiri. Leo tuisome safari hiyo, pamoja na karatasi moja inayomngoja msafiri huko mwisho.

Kutoka Nyakanazi mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Utapita katika mikoa 9. Unatoka Kagera, unaingia Geita kwa njia ya Runzewe na Ushirombo. Halafu Shinyanga, na hapo utaiona Kahama, kisha Isaka. Pale Isaka mizigo hushushwa kutoka garimoshi na kupakiwa kwenye malori ya kwenda nchi jirani. Unaingia Tabora, unapita Nzega na Igunga. Baada ya mbuga ya Wembere barabara inapanda mlima Sekenke, mkoa wa Singida. Hapo angalia vizuri. Utaona malori yanapanda polepole kama kinyonga. Siku si nyingi utakuwa ndani ya lori moja kama hilo, na kushuka kwake kunataka breki nzima kuliko kupanda. Halafu ni Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze ya mkoa wa Pwani, na mwisho Dar es Salaam.

Kwa miaka mingi mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, abiria walilala njiani. Tangu Oktoba 2023 yanaruhusiwa tena. Lakini safari bado ni ndefu, na chakula cha njiani ni ghali. Chukua viazi vyako au mihogo uliyochemsha, na maji. Fedha usiziweke zote mfuko mmoja. Kitambulisho cha taifa kiwe mwilini, kisiwe ndani ya begi lililo kwenye buti. Tena usitupe tiketi. Sababu yake utaiona mbele kidogo.

Sasa tufike Dar es Salaam. Tuseme kijana wetu alipigiwa simu na mtu wa ofisi ya malori akiwa nyumbani. Aliambiwa: njoo, kazi ipo. Amefika. Anapewa karatasi.

"Kijana, weka dole gumba hapa, gari linaondoka saa kumi."

"Samahani bosi, naomba nisome kwanza."

"Usome nini? Wenzako wote wameshaweka."

"Nimeona, bosi. Ila hapa penye mahali pa kuajiriwa pameandikwa Dar es Salaam. Mimi mlinipigia simu nikiwa kwetu Nyamigogo."

Mbona kijana huyu anang'ang'ania neno moja? Kwa sababu neno hilo ni nauli yake ya kurudi nyumbani.

Iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Ndani yake kuwe na jina na anwani ya kudumu ya mfanyakazi, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, siku ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna unavyohesabiwa. Mfanyakazi asipoelewa maandishi hayo, mwajiri anatakiwa amweleze kwa namna ambayo ataelewa. Kwa hiyo anayesema "sijaelewa, nieleze" hajakosa adabu. Ametumia sheria.

Sheria hiyo hiyo inasema hivi: mkataba ukimalizika mahali ambapo si pale ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe pamoja na mizigo yako mpaka ulipoajiriwa, au alipe gharama ya usafiri huo, au akupe posho ya safari isiyopungua nauli ya basi mpaka kituo cha basi kilicho karibu na hapo. Na ukikaa unangoja usafiri huo, akulipe fedha za kujikimu za kila siku.

Sasa mahali ulipoajiriwa ni wapi? Kuajiri hapa maana yake ni mwajiri au wakala wake kumtafuta mtu kwa ajili ya kazi. Wakala akija Nyakanazi kutafuta matingo, umeajiriwa Nyakanazi. Ukijiendea mwenyewe mpaka kwenye geti la ofisi Dar es Salaam, bila kuitwa na mtu, huwezi kudai kwamba uliajiriwa Nyamigogo. Huo ndio ukweli, tusidanganyane. Lakini aliyeitwa kwa simu ana hoja yake. Ndiyo maana atunze tiketi, atunze ujumbe wa simu, na aandike kwenye daftari jina la aliyemwita na siku aliyomwita.

Inawezekana bosi akasema, "Hutaki, acha." Njaa nayo ipo, na wengi huweka dole gumba wakaondoka. Hatuwezi kuwalaumu. Hata hivyo omba nakala yako, au nakili maneno ya karatasi kwenye daftari. Kesi ikifunguliwa na mwajiri asipoleta maelezo ya maandishi, ni juu yake kuthibitisha mliyokubaliana. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya kuachishwa kazi bila haki yapelekwe ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa bila haki, lakini mshahara wake alioufanyia kazi anaweza kuudai.

Jambo lingine la kutazama ni posho ya safari. Hiyo ni fedha ya kula na kulala njiani. Si mshahara. Penye mshahara pakiachwa wazi, uliza. Tazama pia saa za kazi: sheria inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukiumia kazini, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Michango yake hutolewa na mwajiri, wewe usikatwe.

Baada ya hapo kusoma hakuishi. Utingo husoma hati ya mzigo, namba ya kontena, na uzito. Pale Vigwaza lori hupanda mizani. Kwa nchi za Afrika Mashariki uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo ni tani 56, kwa lori lenye ekseli za kutosha. Huko Rusumo husoma fomu za mpakani. Tangu 2016 maofisa wa Tanzania na wa Rwanda wanafanya kazi pamoja katika kituo kimoja, foleni imepungua.

Na safari ya kwanza ya utingo wetu kwenda Kigali itampitisha Nyakanazi. Huenda ikawa usiku wa manane. Dereva hatasimama, mzigo una haraka. Mama yake amelala, hajui kwamba mwanawe amepita.

ZOEZI

Nakili maneno haya kwenye daftari, ujaze mwenyewe:

Mimi ........ wa kijiji cha ........ nimeajiriwa mahali paitwapo ........ tarehe ........ kufanya kazi ya ........ kwa mshahara wa shilingi ........ kwa mwezi.

Halafu jadilianeni darasani: kijana aliyeitwa kwa simu akiwa Nyamigogo, na mwenzake aliyejiendea Dar es Salaam, wote wameachishwa kazi siku moja. Nani anaweza kudai nauli ya kurudi nyumbani, na ataonyesha nini?