Kwenye Grupu la Mtaa, Asitajwe Mtu

Usiku wa mvua hapa Kizwite, Sumbawanga, radi ikipiga upande wa Milima ya Mbizi, simu nazo huanza kulia. Mmoja ameandika kwenye grupu la mtaa: "Hii si ya kawaida." Wa pili kaweka emoji ya kucheka. Wa tatu, mwenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja, anamalizia: "Mwenye radi yake tunamjua, anakaa karibu na kisima." Karibu na kisima kuna nyumba mbili tu.

Watu wa Sumbawanga tumezoea kutaniwa nchi nzima kwa habari za radi za kutumwa, na jina la mji wetu, ambalo wengi hulifasiri "tupa uchawi", limekuwa kichekesho. Lakini anayetutania kutoka Dar es Salaam huandika, akacheka, akaendelea na shughuli zake. Sisi wa grupu moja la mtaa tutakutana asubuhi gengeni. Mbinu zifuatazo za kuandika kwenye grupu zinaanzia hapo.

1. Tuhuma hazipelekwi kwenye grupu. Uchawi, wizi, ugoni, ugonjwa wa mtu: hayo yasiandikwe, hata kwa mafumbo. Ukisema "yule wa karibu na kisima" umeshamtaja. Kwa Sheria ya Uchawi, kumtangaza mwenzako kuwa mchawi ni kosa. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayesambaza uongo kwa nia ya kupotosha au anayemnyanyasa mtu kwa ujumbe. Umeibiwa? Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Usiku wa radi, ujumbe wenye faida ni huu: "Majirani, mko salama wote? Chomoeni televisheni, na aliye nje asijikinge chini ya mti."

2. Andika tatizo, mwache mtu. Soma huu: "Wewe mama mwenye bata umetuchosha, wafunge la sivyo tutawala." Sasa soma huu: "Shikamooni wazee wetu, habari za jioni majirani. Bata wameingia bustanini kwangu na kumaliza mchicha. Mwenye nao naomba tuonane kesho." Bata ni walewale, mchicha ni uleule, ila ujumbe wa pili umemwachia mwenye bata nafasi ya kuja bila aibu. Na kama unamjua, vaa kandambili umfuate nyumbani, kwa maana bata wawili hawahitaji mashahidi mia. Huku kwetu Ufipa, mdogo huinama au hupiga goti akimwamkia mkubwa. Kwenye simu goti halionekani, hivyo yanayopaswa kuinama ni maneno.

3. Kuwa mwangalifu na orodha ya michango. Hapa ndipo magrupu mengi huvunjikia. Mmoja anakopi orodha ya msiba, anaongeza jina lake na kuirusha. Kumbe dakika hiyohiyo mwingine naye kafanya hivyo kwa orodha ya zamani. Jina la aliyetoa elfu tano limepotea, na yeye anadhani limefutwa kwa makusudi. Basi orodha iandikwe na mweka hazina peke yake, wengine wamtumie uthibitisho wa malipo. Aliyetoa kidogo asitaniwe. Taarifa ya kifo isitangulie familia, na picha ya marehemu isirushwe bila ridhaa yao.

4. Tazama mishale miwili. Ujumbe wenye alama hiyo umeshasambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu kuupeleka kwenye zaidi ya soga moja kwa wakati mmoja. Kabla hujaurusha, muulize aliyekutumia: "Umeona mwenyewe?" Akikujibu "nimeletewa tu", uishie kwako. Linki inayoahidi mbolea ya ruzuku kwa kujaza namba ya siri ni mtego. Ujumbe wa utapeli ukija kwa meseji ya kawaida, upeleke namba 15040.

5. Ukikosea, omba radhi palepale. WhatsApp inakupa takriban siku mbili za kufuta ujumbe kwa wote, lakini alama ya kufutwa hubaki, na huenda kuna aliyekwisha kupiga picha ya skrini. Futa, kisha sema: "Nimekosea, naomba radhi." Ukimvunjia mtu heshima mbele ya grupu zima, kumwomba msamaha inboksi hakutoshi.

6. Admini, poza kabla hujamtoa mtu. Ugomvi ukipanda, funga grupu kwa muda ili maadmini peke yao waandike, kisha wapigie wagombanao simu, mmoja mmoja. Kumtoa mtu ni kumfukuza barazani mbele za watu, kwa hiyo iwe hatua ya mwisho, na aelezwe sababu. Simu za watu zipumzike usiku, isipokuwa kwa moto, mgonjwa au msiba.

Mvua za Ufipa kwa kawaida huanza Novemba. Admini, kabla radi ya kwanza haijapiga, fungua maelezo ya grupu lenu uandike kanuni hii moja: hapa hatajwi mtu.