Rithimu Kwanza: Kujifunza "Malaika" kwa Gita Kavu

Vijana wengi wa Dar es Salaam wanaonunua gita kwa mara ya kwanza wanaanzia kwenye solo. Wamesikia vidole vikikimbia kwenye muziki wa Kongo, wakaona hilo ndilo gita lenyewe. Wiki za mwanzo zinakwisha wakiwa na vipande viwili vitatu ambavyo haviimbiki wala havichezeki, kisha gita linatundikwa ukutani. Ninashauri njia iliyojenga bendi za jiji hili: anza na rithimu, na anza na wimbo ambao mtaa mzima unaujua.

Wimbo ninaoupendekeza ni "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba ukajulikana duniani, na mwaka 1965 ukawemo kwenye albamu yake na Harry Belafonte. Ubishi wa nani hasa aliutunga haujaisha. Wapo wanaomtaja Adam Salim, na ukiuimba mbele za watu ni adabu kuwataja wote wawili. Kwa anayejifunza, ubora wa wimbo huu ni kwamba unakwenda polepole, unahesabika kwa nne, na unapigika wote kwa kodi tatu tu, yaani mafungu matatu ya sauti zinazolia pamoja. Zaidi ya hayo, watu wanaujua. Upige kibarazani Tandika au Mwananyamala, na muda si mrefu mama wa chumba cha pili ataanza kuufuatisha huku anachambua mchele. Akinyamaza ghafla au akikunja uso, ujue umebadilisha kodi mahali si pake. Umepata mwalimu, na hadai ada.

Kabla ya wimbo, likague gita lako, ikiwezekana kabla ya kulilipia. Magita ya bei nafuu ni mengi madukani Kariakoo, na mengine yana kasoro ambazo mwanafunzi hudhani ni za vidole vyake. Weka jicho mwisho wa shingo utazame kuelekea kwenye daraja, yaani kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gita: shingo iwe imenyooka. Kisha hesabu vile vyuma vilivyolala shingoni, yaani freti, mpaka cha 12, uangalie uzi uko juu kiasi gani hapo. Ukiwa juu zaidi ya milimita tatu hivi, utaumia bure. Kipimo kikubwa kuliko vyote ni hiki: piga uzi ukiwa wazi, halafu ubane kwenye freti ya 12 upige tena. Isikike sauti ileile, ila ya juu zaidi kwa oktavu moja. Ikipotoka, kodi zako zitakuwa sawa sehemu moja ya shingo na kuharibika sehemu nyingine. Usilinunue hilo.

Angalia pia nyuzi. Magita ya nyuzi za nailoni huwa na shingo pana, na hayaumizi sana vidole vichanga. Usikubali mtu akufungie nyuzi za chuma kwenye gita la nailoni, hata akikwambia zinalia vizuri zaidi. Chuma kinavuta kwa nguvu kubwa, na daraja litabanduka. Kama gita lako ni la nyuzi za chuma, omba seti nyembamba, ile ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.010. Ncha za vidole zitauma mwanzoni. Piga kidogo kila siku, pumzika zikiuma, na baada ya wiki chache ngozi itakuwa ngumu.

Pwani yetu si rafiki wa gita. Unyevu unatia nyuzi kutu, na chumba cha bati kisicho na dari kinashika joto mchana kiasi cha kulegeza gundi. Usiliegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, wala usiliache kwenye gari lililofungwa vioo. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, maana jasho lina chumvi. Daraja likianza kunyanyuka, legeza nyuzi siku hiyohiyo ndipo utafute fundi. Maseremala wa Keko wanaijua mbao na gundi, lakini mtafute aliyewahi kushika gita, na umwambie mapema kwamba hutaki msumari.

Sasa kaza nyuzi. Zihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa, uzi wa 1, hadi ule mnene, uzi wa 6. Kutoka mnene kwenda mwembamba sauti zake ni E, A, D, G, B, E. Programu za simu za kupimia sauti zipo za bure na zinatosha, ila jifunze pia kukaza kwa sikio, kwa sababu ndilo utakalotumia kuutafuta wimbo. Bana uzi wa 6 freti ya 5: hiyo ndiyo sauti ya uzi wa 5 ukiwa wazi. Fanya hivyo kushuka uzi kwa uzi. Kuna mahali pamoja tu panapobadilika, nao ni uzi wa 3, ambao hubanwa freti ya 4 ili kupata sauti ya uzi wa 2. Nyuzi mpya hulegea siku za mwanzo, kwa hiyo zikague kila unapoketi.

Kodi zetu tatu ni C, F na G7. Walimu wengi huzifundisha kama picha tatu zisizohusiana, na mwanafunzi anaona kama vidole vinaruka ovyo. Zitazame upya. Katika C, kidole cha shahada kinabana uzi wa 2 freti ya 1, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, na cha pete uzi wa 5 freti ya 3. Katika G7, shahada kiko uzi wa 1 freti ya 1, cha kati uzi wa 5 freti ya 2, cha pete uzi wa 6 freti ya 3. Katika F, ile ya nyuzi nne tu, shahada kinalala juu ya uzi wa 1 na wa 2 pamoja freti ya 1, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, cha pete uzi wa 4 freti ya 3. Umeona? Shahada hakitoki freti ya kwanza, cha kati hakitoki ya pili, cha pete hakitoki ya tatu. Kila kidole kina mtaa wake na hakihami. Kinachobadilika ni nyumba ya kubisha hodi. Kutoka C kwenda G7 mkono unatanuka, kidole cha kati na cha pete vikisogea uzi mmoja upande wa nyuzi nene na shahada uzi mmoja upande wa nyembamba. Kutoka C kwenda F vidole hivyo viwili vinasogea uzi mmoja upande wa nyembamba, na shahada kinabaki palepale, kinalazwa tu.

Mabadiliko magumu ni ya G7 na F, kwa kuwa hapo cha kati na cha pete vinavuka nyuzi mbili. Yape muda wake peke yake. F ikikataa kabisa, acha uzi wa 1 wazi kwa sasa na ubane uzi wa 2 tu kwa shahada. Inalia kilaini kidogo, lakini wimbo utasimama. Hakikisha pia uzi wa 5 na wa 6 hazilii unapopiga F, na uzi wa 6 haulii unapopiga C. Sauti nzito zisizo mahali pake ndizo zinazofanya gita la mwanafunzi lisikike chafu hata vidole vikiwa sawa.

Sitakuandikia hapa kodi ipi inakaa juu ya neno lipi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi itakayokufanya mpiga gita. Chagua rekodi moja, ya Fadhili William au ya Makeba, usichanganye, maana mwendo wake haufanani. Ipakue ukiwa na bando ili usikatikiwe katikati. Isikilize kwenye daladala la Mbagala bila gita, ukihesabu nne kwa kidole gotini, mpaka ujue kila mstari unaanza kwenye hesabu ya ngapi. Ukirudi nyumbani, imba mstari wa kwanza ukishikilia C. Endelea nayo mpaka sikio likatae, pale sauti ya mdomo na ya gita zinapogombana. Rudia na ujaribu F mahali hapo. Ikikataa, jaribu G7. Kwa kuwa kodi ni tatu tu, moja kati ya hizo mbili itakubali. Andika kwenye daftari, uende mstari wa pili. Simu yako inaweza kuipunguza kasi ya rekodi bila kubadilisha sauti. Itumie pale tu ambapo hupasikii vizuri. Ukiona rekodi na gita lako havilingani toka mwanzo hadi mwisho, huenda waimbaji wako kwenye ki nyingine, yaani wimbo wao haukai kwenye C. Mfuate mwimbaji kwa mdomo tu, ukapige peke yako.

Mkono wa kulia ndio rithimu yenyewe, na hapa nitasisitiza kuliko kwingine kote. Anza na gumba kwenye hesabu ya 1 na ya 3, likipiga uzi wa besi wa kodi: uzi wa 5 kwa C, wa 4 kwa F, wa 6 kwa G7. Kwenye hesabu ya 2 na ya 4 vidole vingine vichote nyuzi tatu nyembamba kwa pamoja. Mkono huo usisimame. Mkono wa kushoto ukichelewa, uache uchelewe, wa kulia upige hata nyuzi wazi kuliko kuusubiri. Msikilizaji husamehe sauti iliyokosewa na kuisahau hapohapo. Mwendo ukikatika, anayeimba na anayecheza wote wanaanguka. Piga taratibu kiasi kwamba hubabaiki, na uongeze kasi pale tu unapoweza kupiga wimbo wote huku unaongea na mtu.

Mwendo ukitulia, acha kuchota kwa pamoja na uanze kudonoa. Kwa hili msikilize Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga "Masanga" huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi. Ni gita kavu moja, gumba na shahada tu, na bado unasikia besi na wimbo kwa wakati mmoja. Usijaribu kumwiga mwezi wa kwanza. Chukua kitu kimoja kwake: gumba halikosi zamu yake, hata shahada kikienda kutembea.

Kuhusu sauti yako mwenyewe: C huenda ikawa chini au juu mno kwako. Kifaa kidogo cha kubana shingo, kapo, kinatatua. Kiweke freti ya 2 na vidole vilevile vya C vitalia D. Sogeza freti moja moja mpaka sehemu ya juu ya wimbo uiimbe bila kukaza shingo.

Nyumba za kupanga zina kuta nyembamba na uani ni wa wote. Waombe wapangaji wenzako muda unaofaa, jioni kabla ya taarifa ya habari kwa mfano, na adhana ikisikika weka mkono juu ya nyuzi ungoje iishe. Mtu aliyeombwa ruhusa atavumilia F yako mbovu kwa mwezi mzima, na siku ikilia safi atakuwa wa kwanza kukwambia. Kama kuna kwaya karibu nawe, nenda siku za mazoezi, wasalimie wakubwa, ukae nyuma ya mpiga gita umtazame mkono wa kulia. Wapiga gita wengi wa mitaa hii wameivia kanisani. Na kama baadaye utataka kuurekodi wimbo huu na kuuza, ulizia kwanza haki zake kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA.

"Malaika" ikishakaa, usikimbilie solo. Washa redio wakati wa zilipendwa. Bendi ya NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 na mtindo wake wa Sikinde, zilirekodi nyimbo nyingi katika studio za Radio Tanzania, na magita ndani yake yamepangwa kwa zamu: solo, solo ya pili, rithimu, besi. Sikio la mgeni humfuata mwenye solo. Lako lilazimishe kumtafuta yule anayerudia kitu kimoja toka waimbaji wanapoanza taratibu hadi muziki unapochemka. Huyo akitoka, solo haina pa kukanyaga. Nyingi ya nyimbo hizo zinazunguka kwenye familia ileile ya kodi tatu ulizokwisha kuzijua, ila zinapigwa kwa kasi zaidi na kwenye nyuzi nyembamba, sauti ikikatwa fupi kwa kulegeza vidole vya kushoto mara tu baada ya kupiga. Chukua C, F, G7, C, zungusha bila kusimama, na ufanye mazoezi ya kukata. Ukiweza kuzungusha hivyo kwa dakika kumi mwendo haujayumba, mwite rafiki mwenye gita lake na umwambie yeye ndiye apige solo.