Pakanga Mbili na Dawa ya Malaria

Apandaye Kilimanjaro, akiisha kuipita migomba na kufika kwenye mwisho wa msitu, huona mmea wa kijivu wenye majani membamba na harufu kali. Ndiyo pakanga. Wengine huipita kama gugu tu, wengine huichemsha kwa ajili ya kifua na tumbo. Leo tujifunze habari zake pamoja na ndugu yake wa mbali, maana kuzichanganya mbili hizi kwaweza kumpoteza mtoto.

1. Pakanga ya China. Huko China iko pakanga nyingine, gugu liishilo mwaka mmoja. Yapata mwaka 340 mganga Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa ailoweke majini, aikamue, anywe maji yake. Hakutaja kuchemsha. Mwaka 1971 Bibi Tu Youyou, ambaye dawa yake mara ilifaa, mara haikufaa, aliyafikiri maneno hayo, akatambua kwamba moto huiharibu. Akaitoa kwa etha, kitu cha majimaji kichemkacho kwa joto la digrii 35 hivi. Mwaka 1972 ikapatikana dawa safi, artemisinini. Naye mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

2. Kazi yake. Molekuli moja ya artemisinini ina kaboni 15, hidrojeni 22 na oksijeni 5. Oksijeni mbili katika hizo zimeshikana kama daraja. Kijidudu cha malaria hula wekundu wa damu, nao una chuma. Chuma hicho hulivunja daraja, na vipande vyake hukidhuru kijidudu hata kife.

3. Pakanga yetu. Wenye elimu ya kemia wameona ndani yake sineoli, kafuri na tuyoni, ndivyo viipavyo harufu. Lakini artemisinini haimo, au ni kidogo mno. Hata ile ya China, ambayo wakulima wa Tanzania na Kenya wamepata kuilima, majani yake hayana kipimo kimoja. Chai yake yaweza kuwa na dawa haba, na vijidudu vilivyosalia vikazoea dawa. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa majani hayo. Tanzania Bara ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2006, yaani dawa itokanayo na artemisinini ikiunganishwa na nyingine.

Basi, mtoto akishikwa na homa, hasa akiwa ametoka tambarare penye mbu wengi, asinyweshwe pakanga na kungojewa hata asubuhi. Apelekwe zahanati upesi, apimwe damu, na akipewa dawa aimalize yote, ijapokuwa amepata nafuu.

Maswali: Kwa nini Bibi Tu aliacha kuchemsha? Pakanga zetu na za China zatofautianaje? Utamwambia nini jirani achemshaye majani ilhali mtoto ana homa?